Kilichobaki Kwenye Barafu

Kamisawa, Tottori
11 Februari 2007

Mdogo wangu Masanori,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Chiharu. Sisi huku hatujambo. Theluji ya wiki iliyopita ilikuwa nzito, imevunja chanja za mapeasi upande wa mto, zile alizosimamisha Baba mwaka mmoja kabla hajatuacha. Nimezifunga kwa kamba mpaka nipate mtu. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, ikifika mchana analisahau. Binti wa binamu Tokuji amejifungua mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Mama alikwenda kumwona, akarudi hakusema neno mpaka chakula cha jioni.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe husema "ndiyo, ndiyo, sawa dada," kisha unakata. Ukijibu, tuma ofisini kwangu, kwenye ushirika wa wakulima. Mama hufungua kila bahasha inayoingia nyumbani, hata ya umeme.

Mwezi uliopita alimtumia Chiharu kifurushi: hirizi ya hekaluni, mizizi ya kuchemsha na kunywa, na soksi mbili za sufi. Anasema mwili wa Chiharu ni wa baridi, ndiyo maana hashiki mimba. Sikuweza kumzuia. Lakini Chiharu tangu aolewe hajawahi kupitisha siku tatu bila kutuma kadi ya shukrani, hata kwa mfuko wa vitunguu. Sasa ni wiki tatu. Mama amenuna, mimi nina wasiwasi. Kuna nini huko?

Dada yako,
Kazue


Nagoya
4 Machi 2007

Dada Kazue, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zimekuwa nyingi. Msimu huu kampuni imeniongezea majengo kumi na moja, na lifti za zamani hupenda kukwama siku ya baridi. Juzi nilimtoa bibi mmoja aliyekaa ndani dakika arobaini. Nilipofungua mlango alikuwa ameketi juu ya mfuko wake wa mchele, akaniambia, "Umekuja kabla sijaanza kuupika mbichi." Chiharu yupo, bado anatengeneza meno bandia kwa yule daktari wa karibu na kituo. Kifurushi kilifika. Soksi anazivaa.

Dada, mwaka wa sita huu. Tumekwenda hospitali. Siyo mara moja, tumekuwa tukienda tangu vuli. Sikutaka kuandika mpaka kuwe na la kuandika. Sasa wanatutibu kwa ile njia ya kutoa mayai ya mwanamke, kuyaunganisha na mbegu nje ya mwili, kisha kurudisha kiinitete tumboni. Chiharu amejichoma sindano mwenyewe kila jioni kwa siku kumi. Mimi siwezi hata kutazama. Walipata mayai saba. Manne yamekuwa viinitete. Vyote vimewekwa kwenye barafu; kimoja watakirudisha mwezi huu wa tatu mwishoni, vitatu vitabaki.

Daktari ni mtu wa kusema wazi. Alisema kwa umri wa Chiharu, katika wanawake kumi wanaorudishiwa kiinitete, watatu hivi watapata mimba, na si wote watatu watafika kwenye kuzaa. Nilimuuliza tufanye nini ili tuwe miongoni mwa hao. Akasema, "Hakuna cha kufanya. Kuleni, laleni." Basi tunakula na kulala.

Tafadhali usimwambie Mama.

Masanori


Kamisawa
22 Aprili 2007

Mdogo wangu,

Huku maua ya peasi yametoka yote kwa wakati mmoja na hatupumziki. Tangu Jumatano tuko shambani, Mama na mimi na wanawake wawili wa jirani, tunapaka chavua kwa mkono, ua baada ya ua, kwa vile vifagio vya manyoya. Shingo yangu haigeuki. Mama ana miaka sabini na mitatu na ananitangulia mstari mzima.

Sikumwambia neno. Chiharu ndiye aliyemwambia. Mama alipiga simu Jumapili ile ulipokuwa umelala, akamuuliza moja kwa moja, kama kawaida yake. Nilikuwa nakunja nguo. Nikamsikia Mama anasema, "Unatibiwa? Wewe?" Kisha akasema, "Ungesema mapema kwamba una kasoro, tungejua la kufanya." Nilitamani kumpokonya simu. Nilibaki nimeshika taulo.

Siku ya pili, tukiwa juu ya ngazi, ananiambia, "Kumbe ni kama hivi tunavyofanya. Basi kama ni kama hivi, itashika. Mimi mkono wangu haujawahi kukosa." Wale wanawake wa jirani wakacheka, naye akacheka. Sasa kijiji kizima kinajua.

Masanori, barua yako ilieleza mayai, ikaeleza barafu, ikaeleza hesabu ya daktari. Haikusema kasoro ni nini wala iko wapi. Sikulazimishi. Lakini Machi imekwisha na Aprili inakwisha. Kile kiinitete cha kwanza kimefikia wapi?

Kazue


Nagoya
3 Juni 2007

Dada Kazue, shikamoo. Nimesikia mvua za huko zimeanza mapema, natumaini mmewahi kuyavalisha mapeasi mifuko yake ya kuyakinga. Hapa ni joto na unyevu. Nimepungua kidogo lakini ni mzima.

Hakikushika. Ilikuwa tarehe tisa Aprili. Siku kumi na mbili baada ya kurudishiwa alikwenda kupimwa damu, akarudi, akavua viatu, akasema, "Sifuri." Kisha akaingia jikoni akaosha mchele. Mimi nikamfuata, nikasimama pale, nikamuuliza kama nimsaidie. Akasema mchele hauoshwi na watu wawili.

Ukiikumbuka barua yako ya Aprili utajua kwamba nilichelewa kujibu si kwa sababu ya kazi. Jumapili ile Mama alipopiga simu, sikuwa nimelala. Nilikuwa nimekaa kando yake, ananiangalia huku anazungumza na Mama.

Tunapumzika miezi miwili. Agosti, baada ya siku za kuwakaribisha wafu, watarudisha viwili kwa pamoja. Tutakuja huko kusafisha kaburi la Baba kama kila mwaka. Chiharu anasema lazima tuje.

Masanori


Kamisawa
20 Agosti 2007

Mdogo wangu Masanori,

Bila shaka mmefika salama. Mlisahau mwavuli, nimeutundika mlangoni. Mavuno yameanza, tunachagua na kupanga masanduku tangu alfajiri, kwa hiyo mwandiko wangu usiushangae.

Nitaandika kile ambacho nilishindwa kukuambia ulipokuwa hapa.

Siku ya pili, watu wote wakiwa mezani, mke wa Tokuji aliuliza, "Chiharu, bado tu?" Yule mama hana adabu, tumemjua hivyo miaka yote. Ningeweza kumpuuza. Lakini Mama akamjibu, "Huyu dawa anakunywa za kutosha, ila mwili wenyewe haujui kazi yake." Chiharu akatabasamu, akachukua kisu, akaendelea kukata tikiti. Na wewe, Masanori, ulikuwa umeinamia sahani yako unakula tikiti. Uliendelea kula mpaka likaisha.

Baadaye nilimkuta Chiharu chumba cha nyuma anabadilisha nguo. Tumboni alikuwa amebandikwa viraka vinne vya dawa, na ngozi pembeni imefanya miraba myekundu pale vilipokuwa vile vya kwanza. Nikamuuliza, "Vinawasha?"

"Kukiwa na joto tu, wifi."

"Agosti hii, Kamisawa?"

"Basi vinawasha," akasema, akacheka, nami nikacheka. Kisha nikamwambia anisamehe kwa maneno ya Mama. Akafunga mkanda wake vizuri, akasema, "Mama yuko mbali, wifi. Nikirudi Nagoya simsikii. Angesemwa Masanori, angemsikia popote."

Nimekaa na maneno hayo siku nne. Nikuulize jambo moja, na kama hutaki usijibu. Ni ile homa yako ya matubwitubwi?

Kazue


Nagoya
30 Septemba 2007

Dada Kazue, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara tano. Natumaini mavuno yalikuwa mema na goti la Mama linavumilika.

Ndiyo. Ni matubwitubwi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, unakumbuka kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyekuwa unanibadilishia barafu. Nilidhani yamepita. Vuli ya mwaka jana walipima mbegu zangu, daktari akaniambia hakuna. Siyo chache. Hakuna. Wakanipasua, wakatafuta ndani kwa darubini kwa saa tatu, wakapata kidogo. Mayai ya Chiharu hayana neno lolote. Sindano zote zile anachomwa mtu mwenye afya kwa ugonjwa wa mwingine.

Siku tuliyopewa majibu tulirudi kwa treni. Tulipofika mlangoni alisema, "Mama akiuliza, mwambie mimi ndiye mgonjwa." Nikamwambia hapana. Akasema, "Una uso wa kumwambia?" Sikuwa nao. Nilijiambia ni kwa muda, mimba ikishika hakuna atakayeuliza. Dada, mtu akikubebea mzigo wiki ya kwanza unaona aibu. Wiki ya kumi unasahau kwamba ni wako. Lile tikiti, nilijua nilichokuwa nafanya.

Sasa lililo jema, nimeliacha mwisho. Kati ya vile viwili, kimoja kimeshika. Ni wiki ya saba na siku nne. Ijumaa tuliona mapigo ya moyo kwenye kioo, kitu kidogo kama punje ya mchele kinachopepesa. Chiharu alimwomba muuguzi aache mashine muda kidogo zaidi.

Mwambie Mama kuhusu mimba, kama unaona vyema. Hilo lingine nitalisema mwenyewe.

Masanori


Kamisawa
14 Oktoba 2007

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako ofisini, nikalazimika kwenda ghalani kujifanya natafuta masanduku. Mungu na wahenga wetu wawe nanyi. Nilimwambia Mama jioni ile ile. Aliweka chini vijiti vyake, akaenda kwenye madhabahu ya nyumbani ya kumkumbuka Baba, akawasha ubani, akakaa huko muda mrefu. Alirudi akala mabakuli mawili ya wali. Anakula mboga za siki kwa niaba ya Chiharu, anasema mimba inataka siki.

Mwambie Chiharu asiinue kitu. Mwambie na meno bandia yasubiri, wazee watafune uji.

Kuna jambo ambalo ni langu. Ulisema utamweleza Mama mwenyewe. Masanori, Mama anajua. Mwaka ule ulipougua, daktari wa mjini alituita ukumbini, mimi na yeye. Alisema ugonjwa umeshuka hadi kwenye korodani zote mbili, na kijana huyu huenda asizae. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, niliyasikia yote. Tulipotoka nje Mama akasema, "Hatumwambii. Amesema huenda, hajasema hatazaa. Tukimwambia ataacha kutaka kuoa." Nikakubali. Ulipomleta Chiharu nyumbani mara ya kwanza, nilimwandalia chai, nikamwangalia, nikajua kwamba kuna kitu anapaswa kuambiwa, nikamkaribisha keki.

Miaka sita nimejiambia hilo halikuwa jukumu langu. Sasa kwa kuwa mtoto anakuja, naona naweza kulisema. Hata hilo ni woga, najua.

Dada yako


Kamisawa
25 Novemba 2007

Masanori,

Hujajibu, na simu inaita tu. Huenda umekasirika na una haki. Lakini niandikie hata mstari mmoja kuhusu hali ya Chiharu. Mama amenunua kitambaa cheupe cha kumfunga tumbo mwezi wa tano wa mimba, amekipeleka hekaluni kikaombewa. Amehesabu siku ya mbwa, ile ya kuombea uzazi mwepesi, kwenye kalenda na kuizungushia wino. Anataka kukileta mwenyewe kwa treni. Nimemwambia asubiri nipate neno lako.

Huku tumeanza kukata matawi. Baridi imeingia.

Kazue


Nagoya
16 Desemba 2007

Dada Kazue, shikamoo. Mwaka unakwisha, natumaini hamjaugua.

Niache nikueleze kwa mpangilio, maana nikisimama sitaendelea.

Tarehe mbili Novemba tulikwenda kliniki, ilikuwa wiki ya kumi na mbili. Chiharu alikuwa na hamu, alivaa lile sweta la rangi ya machungwa. Muuguzi alipoweka kifaa, kioo kilikuwa kama siku zote, kijivu, na yule mtoto alikuwepo, ana kichwa na mikono. Daktari akasogeza uso kwenye kioo. Akageuza kifaa upande huu na huu. Mimi nilikuwa bado natabasamu, dada. Chiharu ndiye aliyesema, "Hapigi." Daktari akasema, "Naona amesimama kama siku tano zilizopita." Nimekuwa nikijiuliza siku tano zilizopita tulikuwa tunafanya nini. Ilikuwa Jumapili. Tulikwenda kununua pazia.

Walimsafisha siku iliyofuata. Nilikaa kwenye kiti nje. Nimezoea kwamba mtu akikwama ndani mimi ndiye niliye na ufunguo. Pale sikuwa na chochote, nilikuwa nimeshika mkoba wake.

Aliporudi nyumbani alikaa siku tisa. Nilimwambia nitawapigia, nitamweleza Mama yote. Akasema, "Sasa? Sasa ndiyo umepata uso?" Hakupaza sauti. Nikafanya kosa la pili, nikamwonyesha barua yako ya Oktoba, ili ajue kwamba hata mimi nilifichwa. Aliisoma hadi mwisho. Akaikunja, akasema, "Kwa hiyo mlijua wote. Mama, wifi, na wewe. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui kwamba mnajua, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa mgonjwa." Asubuhi akaenda kwao Gifu.

Sina hasira na wewe. Au ninayo na sijui niiweke wapi. Mngeniambia, ningemwambia kabla ya kumwoa, na huenda angenikataa, na huenda angekuwa na watoto watatu leo. Au huenda angekubali hata hivyo. Hilo ndilo mliloniondolea, sitalijua.

Kimebaki kiinitete kimoja kwenye barafu. Kliniki imeleta fomu. Kuendelea kukihifadhi, au kukirudisha, au kukitupa, lazima saini mbili. Nimeweka yangu mahali pa kuendelea. Nafasi ya pili iko wazi.

Masanori


Kamisawa
13 Januari 2008

Mdogo wangu,

Sitakutakia heri ya mwaka mpya. Barua yako ilifika, nikaisoma, na sikujua nianze wapi kuomba radhi, kwa hiyo nilianza na Mama.

Tulikuwa tunamenya viazi. Nikamwambia mtoto amefariki tumboni. Akaacha kumenya. Nikamwambia na mengine yote: upasuaji wako, mbegu, kwamba Chiharu mzima wa afya amejibebesha ugonjwa. Nilidhani ile "huenda" ya daktari alikuwa ameishikilia miaka yote, kwa hiyo atashtuka.

Akasema, "Najua."

"Unajua nini, Mama?"

"Najua ni ya Masanori. Tangu walipooana najua."

"Basi kwa nini ulimsema yule msichana mbele ya watu?"

Akachukua kiazi kingine. "Lazima asemwe mtu. Watu wanauliza. Ningemsema mwanangu? Angevunjika. Huyu nilimwona siku ya kwanza, nikasema, huyu ataweza."

"Ataweza nini?"

"Kunivumilia."

Masanori, nilitoka nje bila koti. Niliporudi alikuwa amemenya viazi vyote, vingi mno, vya kulisha watu ishirini, na alikuwa analia bila sauti, na kisu bado mkononi. Sijui kama nilimwonea huruma. Nilikichukua kile kisu tu.

Tangu hapo amepiga simu Gifu mara tatu. Mama yake Chiharu anapokea kwa heshima zote, anauliza hali ya goti, anauliza hali ya theluji, kisha anasema binti amepumzika. Mara ya tatu Mama alikaa kwa muda na simu imeshakatika. Kile kitambaa cheupe amekiweka kwenye kabati la Baba. Sijakigusa. Wala yeye hakigusi.

Nami nimemwandikia Chiharu. Mistari sita. Sikuomba anisamehe, niliandika tu kwamba nilisikia maneno ya daktari kwa masikio yangu na nikanyamaza, na kwamba nilikosea. Hajajibu, na sitegemei.

Kazue


Nagoya
9 Machi 2008

Dada Kazue, shikamoo.

Chiharu amerudi. Alirudi mwishoni mwa Januari, jioni, na begi lile lile. Nilikuwa nakaanga yai. Alisema, "Yai moja halitoshi watu wawili," akavua koti.

Siku ya tatu akaniambia, "Kile kimoja kilichobaki, nataka kukitoa kwenye barafu. Siyo kwa ajili ya mama yako, wala siyo kwa ajili yako. Sipendi kukiacha kule peke yake." Akasaini. Akaanza tena viraka, mwezi mzima, na vidonge, na kupimwa. Nilimwambia tukishindwa nitakuwa nimeridhika. Akasema, "Usiniahidi kitu."

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, tarehe sita. Niliomba ruhusa kazini. Tulikwenda mapema, akavaa lile gauni la hospitali na kofia ya karatasi, akanywa maji ya kutosha kama walivyomwelekeza, tukakaa tunasubiri tuitwe. Nusu saa. Saa moja. Akasema mkojo umembana, nikasema vumilia, akasema, "Ningekuwa mtu wa kutovumilia tungekuwa hapa?" na tukacheka wote wawili, dada, mara ya kwanza tangu Novemba.

Akaja daktari mwenyewe, siyo muuguzi. Akakaa kwenye kile kiti cha chini. Akasema asubuhi wamekiyeyusha, na hakikuamka. Seli zote zimekufa. Hutokea, akasema, mara chache sana. Hakuna kosa la mtu.

Chiharu akauliza, "Kwa hiyo leo hakuna cha kurudisha?"

"Hakuna."

"Naweza kwenda chooni?"

"Unaweza," akasema daktari, akainamisha kichwa.

Nilimsubiri nje. Alipotoka alikuwa ameshavaa nguo zake na amechana nywele. Alivibandua viraka pale pale, akavitupa. Daktari alikuwa ametuambia tunaweza kuanza upya kuanzia mwanzo, upasuaji wangu, sindano zake, tufikirie. Tulipofika barabarani akasema, "Basi, Masanori." Nikasema, "Basi."

Ilikuwa saa sita na nusu. Tulikuwa hatujala tangu jana yake. Tukaingia mgahawa wa tambi karibu na kituo, umejaa watu wa maofisini. Msichana wa pale akatupokea mlangoni, akauliza, "Wangapi?"

Nilishindwa kujibu, dada. Swali dogo kama lile.

Chiharu akasema, "Wawili."

Masanori


Kamisawa
6 Aprili 2008

Mdogo wangu,

Natumaini mnakula na kulala. Huku imenyesha wiki nzima, na fundi amekuja kurekebisha paa la ghala. Tokuji amelazwa, mgongo, si jambo kubwa.

Najua ulipiga simu Jumapili, kwa sababu nilikuwepo. Nakuandikia kile ambacho wewe hukukiona.

Mama alipokea akiwa amesimama. Sikusikia maneno yako, nilimwona yeye tu. Uliposema yale uliyoahidi kumwambia mwenyewe, kwamba ugonjwa ni wako, aliketi sakafuni, pale pale chini ya simu. Akakuuliza, "Umekula?" Najua ulitegemea neno lingine. Miaka sabini na nne ameishi, na hilo ndilo alilokuwa nalo.

Kisha akasema, "Mpe Chiharu simu."

Nilifikiri utasema amepumzika. Lakini niliona anajiweka sawa, anavuta kola ya nguo yake kana kwamba mtu ameingia mlangoni, nikajua Chiharu ameishika. Mama akasema, "Chiharu. Mimi ni mama." Akafungua mdomo kuendelea. Hakuendelea. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Januari, nilikuwa namsikia akiyasema bafuni, maneno mazuri ya kuomba radhi. Hakutoka hata moja.

Nilikuwa napakua chakula. Nikaweka wali mezani, na supu, nikamsubiri. Alikuwa kimya, simu sikioni, macho kwenye ukuta. Nikafikiri imekatika kama zile za Gifu. Nikamsogelea, nikamuuliza polepole, "Anasema nini?"

Mama akaziba simu kwa kiganja.

"Hasemi. Analia."

"Na wewe unamwambia nini?"

"Sina la kumwambia. Nimeshika tu."

Akaondoa kiganja, akairudisha sikioni. Supu ilipoa, nikaipasha moto, ikapoa tena. Chiharu hakukata, na Mama hakukata.

Dada yako,
Kazue